Mtani wa Mzee Chivandire

Habari ya kifo cha Mzee Chivandire ilipelekwa kwanza kwa watani wake, kabla hata majirani hawajaambiwa, maana huko wilayani Gutu ndivyo inavyotakiwa. Zivanai, mwanawe mkubwa, alipanda baiskeli asubuhi, akakata kilomita sita za vumbi hadi madukani. Kwenye baraza la duka la unga akamkuta Maidei ameinamia cherehani yake, anashona sare za shule. Alipokaribishwa kiti hakukikalia. Alikaa chini sakafuni, akakunja miguu, akapiga makofi polepole kama mtu anayebisha hodi.

Maidei akaondoa mguu kwenye kanyagio. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane, mwembamba, mwenye maneno machache na macho yaliyozoea kutazama karibu.

"Dada Maidei," Zivanai akasema, "mzee yupo?"

"Yupo ndani. Ameamka vizuri."

"Nimekuja kumwambia kwamba rafiki yake amelala."

Maidei alielewa ni kulala kwa namna gani. Akatoa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka begani kwenye gauni lake, akamwongoza Zivanai chumba cha nyuma.

Baba yake, Mzee Tavengwa, alikuwa ameketi kitandani ameegemea ukuta. Kwa miaka hamsini alikuwa mtani wa Chivandire, kama baba yake alivyokuwa mtani wa baba yake Chivandire. Watu wa ukoo wa Bwawa, kwao Tavengwa, na watu wa ukoo wa Moyo, kwao Chivandire, walikuwa watani wa kuzikana tangu zamani ambazo hakuna aliyezihesabu. Msiba ukitokea upande mmoja, mtani wa upande wa pili ndiye huwa wa kwanza kuvuka uzio. Ndiye huwapanga wachimba kaburi, huvaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, na kuwachekesha watu mpaka wasahau walikuwa wanalia nini. Na kama kuna neno ambalo ndugu hawawezi kuambiana, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kulisema, na hakuna wa kumkasirikia. Kwa kazi hiyo Tavengwa alikuwa na sifa wilaya nzima. Lakini mwaka uliopita kiharusi kilimpiga. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakawa yanamtoka yametafunwa. Aliyeweza kuyaelewa alikuwa Maidei peke yake, kwa kuwa ndiye aliyemlisha.

Zivanai alipomaliza kusema, mzee aliegemeza kichwa ukutani. Machozi yakamshuka pande zote mbili za uso, na Maidei akamfuta upande ule ambao hakuweza kuyahisi. Zivanai alipiga makofi tena, akaaga, akaenda zake. Ndipo Tavengwa akamgeukia binti yake.

"Nenda wewe," akasema.

"Niende nikafanye nini, baba?"

"Kachekeshe watu."

"Mimi najua kushona. Sijawahi kuchekesha hata kuku."

"Kaka yako?"

"Yuko Botswana. Hata akipanda basi sasa hivi, watakuwa wameshazika."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anangoja asikie hilo. "Basi ni wewe. Mimi mnilete kesho. Kwa mkokoteni."

"Baba, nitakuaibisha."

Mdomo wa mzee ukapinda upande mmoja. Maidei alijua anacheka. "Aibu," akasema, akivuta kila herufi, "ndiyo kazi yenyewe."

Maidei alifika msibani mchana. Njia nzima alikuwa anatafuta la kusema, lakini alipouona umati uwanjani na kusikia kilio cha wanawake kikitoka nyumba ya jikoni alimolazwa marehemu, yote aliyoyaandaa yakamtoka kichwani. Akaingia, akapiga magoti kando ya jeneza, akalia kama watu wengine.

Shangazi Ronika, dada wa marehemu, mama mfupi mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akamshika kiwiko akamtoa nje.

"Wewe ndiye mtani uliyeletwa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na unalia."

"Alikuwa mtu mwema kwangu, shangazi."

"Machozi hapa tunayo ya kutosha, hatukuagiza mengine. Nyie watu wa Bwawa, mkiguswa tu mnavuja. Futa uso, ufanye kazi ya baba yako."

Maidei akafuta uso. Akasogea mahali wanaume walipoketi kuzunguka moto, akakohoa, akasema kwamba Mzee Chivandire hatimaye amepata mahali pa kulala ambapo jogoo hatamwamsha. Wanaume wakamtazama. Mmoja, kwa huruma, akasema, "Karibu uketi, mama." Ikawa hivyo tu. Akaenda kukaa nyuma ya ghala la mahindi, uso ukimwaka, akitamani cherehani yake.

Pale nyuma ya ghala ndipo alipowaona. Nje ya uzio wa miti, hatua kama ishirini, Tobias, mwana mdogo wa marehemu, alikuwa ameketi juu ya jiwe. Alivaa kanzu nyeupe, kichwa amenyoa, ndevu zimeshuka kifuani. Mkewe alikuwa kando yake, naye kwa nguo nyeupe, na waumini wengine watano sita. Walikuwa wa lile kanisa la watu wanaosali uwanjani bila viatu. Kwao pombe ni mwiko, ugoro ni mwiko, na ngoma za wazee ni mwiko.

Maidei aliijua habari ya Tobias na kaka yake kama alivyoijua kila mtu. Miaka miwili nyuma, mwaka mmoja baada ya mama yao kuzikwa, ukoo ulipika pombe ya ulezi na kwenda kaburini kumrudisha mama nyumbani, aache kutangatanga, akae na wanawe na kuwalinda. Zivanai ndiye aliyeongoza. Tobias hakuja. Alituma neno kwamba mama yuko kwa Mungu na hahitaji kuvutwa kwa pombe. Zivanai akatuma neno lake pia, la kumwambia kwamba mwenye kumwacha mama yake porini asije akamsogelea baba. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakuwahi kukanyagiana uwanja.

Shangazi Ronika akaja na bakuli la ugali wa ulezi na nyama ya msiba isiyo na chumvi, akaliweka mbele ya Maidei.

"Umewaona?" akauliza, akionyesha nje kwa kidevu.

"Nimewaona."

"Yule hataki kuingia kwa sababu ya mitungi ya pombe na ngoma. Na huyu Zivanai anasema asiyeingia uwanjani hatagusa jembe la kaburi. Mimi nimesema mpaka nimechoka. Wazee wa ukoo wanamwogopa Zivanai, maana ng'ombe wao wanakokota majembe yake. Angekuwepo baba yako angeshawachapa wote wawili kwa ulimi."

Maidei akamega tonge, akalishika mkononi bila kulila. Kuna jambo alilijua yeye, na pengine hakuna mwingine aliyelijua lote. Kila mwezi, tangu ndugu wale walipogombana, Mzee Chivandire alikuwa anakuja barazani kwake na koti lake la kahawia. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba kifungo kimelegea, anakwenda kwa fundi. Kifungo kilikuwa kizima. Maidei alikuwa anakata uzi, anakishona upya, ili mzee asiwe mwongo. Kisha mzee anatoa mfukoni kikopo chake cha ugoro, anakiweka kwenye droo ya cherehani, anasema, "Nitunzie," na kushika njia ya mtoni kwenda kwa Tobias. Jioni anapita kukichukua. Na mara moja Maidei, akimpima kanzu mama mmoja wa kanisa lile, alisikia mama huyo akishukuru kwamba baba yake ndugu Tobias ameacha ugoro na karibu atabatizwa. Alipomsimulia mzee, mzee alicheka mpaka akapaliwa.

"Shangazi," Maidei akasema, "koti lake la kahawia liko wapi?"

"Limetundikwa nyuma ya mlango. Unalitakia nini?"

"Nipe na kofia. Na fimbo. Na kikopo cha ugoro."

Shangazi Ronika akamtazama, kisha akaenda kuvileta bila kuuliza tena.

Koti lilimfika magotini. Maidei akavaa kofia, akaweka mkono mmoja mgongoni, akausokota mguu wa kushoto kwa nje kama mzee alivyokuwa anausokota. Mzee alikuwa na kawaida ya kusafisha koo mara mbili kabla ya kusema na mtu yeyote, hata mbuzi. Maidei akatokeza kutoka nyuma ya ghala, akasimama katikati ya uwanja, akasafisha koo mara mbili.

Watu waligeuka. Mwanamke mmoja mlangoni mwa jiko akasema, "Mama yangu, ni yeye," akajiziba mdomo.

Maidei hakuwatazama. Alikuwa anamtazama Zivanai, akamwendea polepole kwa mguu ule wa kusokotwa.

"Zivanai, mwanangu," akasema kwa sauti ya puani. "Kifungo kimelegea tena. Acha nifike mara moja kwa fundi."

Zivanai, kabla hajajua anafanya nini, akajibu kama alivyokuwa akijibu siku zote. "Baba, hilo ni koti gani la kulegea kifungo kila mwezi?"

"Vifungo vya siku hizi ni kama vijana wa siku hizi. Ukivigeuzia kisogo, vimeachia."

Kicheko kikaanzia kwa wanaume na kuzunguka uwanja. Maidei akasikia joto likimpanda mwilini, lakini halikuwa lile la aibu. Akatembea hadi penye kinu kilichopinduliwa, akakipigapiga kama mtu anayebisha kwa fundi cherehani. Akatoa kikopo cha ugoro, akakiweka juu ya kinu kwa adabu zote.

"Maidei, mtoto wa Bwawa, nitunzie hiki. Ninakokwenda mimi, hata kupiga chafya ni dhambi."

Hapo wanawake walitoka jikoni wote. Wengine walikuwa bado na machozi mashavuni. Maidei akavuka uzio, fimbo mbele, mguu nyuma, akaenda moja kwa moja kwa watu wa kanzu nyeupe. Akavua kofia kama mtu anayeingia kanisani, akaketi juu ya nyasi mbele ya Tobias, akasafisha koo mara mbili.

"Tobias, mwanangu, mwambie mkeo alete chai. Atie sukari mpaka kijiko kisimame. Kule kwa kaka yako sukari tunaonyeshwa tu."

Tobias alimkodolea macho. Mkewe ndiye aliyeshindwa, akainamisha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Halafu," Maidei akaendelea, "nasikia umewaambia wenzako kwamba nimeacha ugoro. Ni kweli, mwanangu, usione haya. Nimeuacha. Nimeuacha kwa Maidei, kwenye droo."

Waliokuwa ndani ya uzio waliangua kicheko hadi mbwa wakabweka. Hata muumini mmoja mzee mwenye fimbo ya kichungaji aligeukia mtoni, akajikuna shingo kwa muda mrefu. Tobias akashika uso kwa mikono miwili. Vidole vilipofunguka, alikuwa anacheka na kulia, na haikujulikana kipi kilianza.

Maidei akasimama, akavua koti. Sasa akasema kwa sauti yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake haikutetemeka mbele ya watu.

"Nyie watu wa Moyo, mmejipa jina kubwa kweli. Mzee wa miaka themanini alikuwa anavuka mto kwa miguu kila mwezi, ananikatisha kifungo kizima, anaficha ugoro wake kama mwizi, ili asimuumize huyu wala yule. Sasa amelala pale ndani, na nyinyi mmegawana ua, mmoja ndani, mmoja nje. Kesho asubuhi nani atamchimbia? Mimi ni mshonaji. Kama mnataka kaburi la kushonwa, leteni uzi."

Watu walicheka, ila kidogo, maana walikuwa wanamtazama Zivanai. Yeye alikuwa amesimama mkono kwenye nguzo ya uzio. Hakuwa anacheka. Aligeuka akaenda zake upande wa zizi.

Maidei akamfuata. Sheria ya utani ilimruhusu, na zaidi ya hapo alikuwa anamhurumia. Akamkuta anawatazama ng'ombe.

"Kwa hiyo miaka miwili nilikuwa nadanganywa," Zivanai akasema.

"Hukudanganywa. Kifungo kililegea kweli. Nilikilegeza mwenyewe."

Pumzi fupi ikamtoka Zivanai puani. Kisha akaanza kubandua magome kwenye mti wa zizi. "Nilidhani yuko upande wangu," akasema baadaye. "Kila jioni tulikuwa tunakaa naye hapa. Hakuwahi kumtaja."

"Angemtaja ungefanyaje?"

Zivanai akauliza, "Mimi je, alikuwa anasema nini juu yangu huko kwako?"

Maidei akafikiri. Hakutaka kuongeza chumvi. "Alikuwa anasema, Zivanai ndiye aliyebaki. Hivyo tu. Alilisema mara nyingi."

Zivanai akashusha kichwa. Maidei akarudi zake uwanjani, akawaacha yeye na ng'ombe.

Asubuhi, jua likiwa bado halijatoka vizuri, ukoo ulipanda hadi penye mwamba nyuma ya boma, mahali walipozikwa wazee wao. Zivanai alikuwa na jembe. Alipiga magoti, akamwaga ugoro kidogo ardhini, akaita majina ya babu zake mmoja mmoja, akawaambia kwamba mtoto wao anakuja na wampokee. Kisha akainua jembe, akakata ardhi mara moja, kuonyesha kichwa kitakapolala.

Alitakiwa kumpa jembe ndugu anayemfuata. Watu wakangoja. Tobias alikuwa amesimama mbali kidogo na kundi, peku, kanzu imelowa umande. Zivanai hakumwita. Alichofanya ni kuliweka jembe chini, mpini umeelekea upande ule, akawageukia wapiga ngoma.

"Pumzikeni kidogo," akasema. "Mikono ipate joto."

Ngoma zikanyamaza. Tobias akaja, akakunja mikono ya kanzu, akaokota jembe. Hakukata mara moja tu. Alichimba mpaka udongo ukamfika magotini na kanzu ikawa rangi ya ardhi. Zivanai akateremka na sepetu upande wa pili, wakachimba pamoja bila kusemezana, isipokuwa mara moja Tobias alipogonga jiwe.

"Lisukume huku," Zivanai akasema.

"Ni zito."

"Najua ni zito. Lisukume."

Walipomaliza, Tobias alipanda juu, akafunga macho, akaomba kwa maneno machache ya polepole. Zivanai alivua kofia na kungoja. Tobias aliposema amina, akajitenga tena hadi chini ya mwamba, na ngoma zikaanza upya. Hivyo ndivyo walivyomzika. Mmoja hakunywa pombe, mwingine hakuiacha, na jeneza lilibebwa na wote wawili mbele.

Mzee Tavengwa aliletwa na mkokoteni wa punda saa tatu, amefunikwa blanketi, akawekwa mahali pa kuona. Udongo ulipokuwa unarudishwa alimvuta Maidei kwa mkono wake mzima.

"Walicheka?" akauliza.

"Walicheka, baba."

"Na Zivanai?"

"Kidogo. Kwa pua."

Mzee akafumba macho. "Pua inatosha," akasema.

Baada ya watu kunawa mikono na kula, ndugu wale waliketi kwenye gogo nje ya uzio, mmoja huku na mwingine kule. Maidei alipita na maji, akawasikia.

"Mwaka ujao tutamrudisha nyumbani," Zivanai alikuwa anasema. "Pombe itakuwepo. Sikufichi."

"Sitakuja siku ya pombe," Tobias akajibu. "Nitakuja kesho yake. Nitakuja na watoto."

Zivanai akafikiri. "Kesho yake ni siku ya nyama," akasema. "Njooni na njaa."

Maidei akajifanya hakusikia, akaendelea na maji yake.

Mchana alimpandisha baba yake kwenye mkokoteni, pamoja na mguu wa ng'ombe ambao ni haki ya mtani. Shangazi Ronika akawasindikiza hadi kijitoni, akihema, akilalamikia mawe.

"Mimi nikifa," akasema, "nisikie umeniigiza kwa ubaya, nitafufuka."

"Shangazi, wewe sina la kukuigiza," Maidei akasema. "Nitasimama tu mlangoni niite ng'ombe. Kijiji kizima kitajua ni nani."

Shangazi Ronika akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Kutoka kwenye mkokoteni, chini ya blanketi, kilisikika kicheko cha Mzee Tavengwa, kimepinda upande mmoja, na kilikuwa bado hakijaisha punda walipoanza kuvuka maji.